Gilbert White: Kasisi aliyeweka kumbukumbu za kijiji chake kwa miaka 42

WAKULIMA wengi wakiulizwa mvua ya kwanza ilinyesha tarehe ngapi mwaka juzi, au walitumia kiasi gani cha samadi katika bustani moja, hujibu kwa kukisia. Kumbukumbu zipo kichwani, na kichwa husahau. Katika kijiji kimoja kidogo cha kusini mwa Uingereza aliishi mtu ambaye hakutaka kutegemea kichwa. Kila alichopanda alikiandika, kila mvua aliipima, na kila mdudu aliyemwona alimfuatilia mpaka ajue anakula nini na analiwa na nani.

Mtu huyo ni Gilbert White, kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliyeanza kuandika habari za bustani yake mwaka 1751 na kuacha kalamu siku chache tu kabla ya kufa mwaka 1793. Hakuwa tajiri, hakupata cheo kikubwa, wala hakusafiri nje ya nchi yake. Hata hivyo, alichokiona kuhusu nyungunyungu, baridi ya mabondeni, ukungu wa milimani na bei ya mwanga wa usiku bado kina faida kwa mtu anayeishi kwa jembe.

Alikotoka

White alizaliwa Julai 18, 1720 katika nyumba ya kasisi kijijini Selborne, mkoa wa Hampshire, kama kilomita 80 kusini-magharibi mwa London. Babu yake, ambaye naye aliitwa Gilbert White, ndiye aliyekuwa kasisi wa parokia hiyo wakati huo. Baba yake, John, alisomea sheria lakini hakuifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Gilbert alikuwa mtoto wa kwanza, na ndugu zake waliofuata walishika kazi mbalimbali: mmoja alikuwa mfanyabiashara, mwingine muuza vitabu na mchapishaji jijini London, mwingine kasisi wa jeshi huko Gibraltar. Ndugu hao walikuja kumfaa sana baadaye.

Alisoma katika Chuo cha Oriel, Oxford, akapata shahada ya kwanza mwaka 1743. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho, nafasi iliyompa posho ya kila mwaka kwa sharti kwamba asioe. White hakuoa maisha yake yote.

Alipokamilisha daraja la ukasisi mwaka 1749, angeweza kutafuta parokia kubwa yenye mapato mazuri. Yeye alitaka kurudi nyumbani. Hapo ndipo alipokutana na kikwazo kilichomfuata hadi kaburini. Haki ya kuteua kasisi mkuu wa Selborne ilikuwa mikononi mwa chuo kingine cha Oxford, yaani Magdalen, nacho kiliwapa nafasi hiyo watu wake. White, kwa kuwa alitoka Oriel, hakuwa na njia ya kuipata. Katika kijiji alichozaliwa, ambako babu yake alikuwa kasisi mkuu, yeye aliishia kuwa kasisi msaidizi wa kulipwa kwa vipindi tu, na kwa zaidi ya miaka 20 alihudumu katika kijiji jirani cha Farringdon.

Nyumba ya familia, iliyoitwa The Wakes, ilikuja kuwa yake mwaka 1763 baada ya kifo cha mjomba wake. Hapo ndipo alipolima, akapima na kuandika.

Ardhi ya Selborne

Selborne ilikuwa parokia yenye udongo wa kila aina, na White aliufahamu kama mkulima anavyofahamu kiganja chake. Upande wa kusini-magharibi ulisimama mlima wa chokaa, kama mita 90 juu ya kijiji, uliofunikwa na msitu wa miti ya mibichi. Mtaa mmoja wa nyumba ulipita chini ya mlima huo. Upande mmoja wa mtaa udongo ulikuwa mfinyanzi mzito, uliohitaji nguvu nyingi kuulima. Upande wa pili, hatua chache tu, ulikuwa udongo mweusi uliochanganyika na chokaa, wenye rutuba na unaolimika kwa urahisi. Mbele zaidi kulikuwa na udongo wa kufaa ngano na mmea wa hopsi, ambao maua yake hutiwa katika bia ili kuipa uchungu. Mwisho kabisa, mashariki, kulikuwa na eneo kubwa la kichanga lililoitwa Wolmer, lisilofaa kilimo, ambako wanakijiji walichunga mifugo na kupata vitu vya kuwashia moto.

Visima vya kijiji vilichimbwa hadi wastani wa mita 19 ndipo yapatikane maji. Njia za mikokoteni zilikuwa zimeliwa na magurudumu na mvua kwa karne nyingi, hata baadhi zikawa mifereji yenye kina cha mita tano chini ya usawa wa mashamba. Wakati wa mvua njia zilikuwa mito. Wakati wa baridi zilijaa barafu.

Mwaka 1783 White alihesabu watu. Alipata familia 136 na watu 676, ambapo 313 waliishi kijijini na 363 katika sehemu nyingine za parokia. Wakati wa babu yake, watu walikadiriwa kuwa kama 500. Aidha, alipekua vitabu vya kanisa na kugundua kwamba kati ya mwaka 1720 na 1779 walibatizwa watoto 980 na wakazikwa watu 640. Parokia ilikuwa inaongezeka watu, lakini ardhi ilibaki ile ile.

Wengi wao walikuwa maskini wanaofanya kazi za vibarua. Wanaume walilima, walifanya kazi katika mashamba ya hopsi, walikata miti na kuchuna magome yake. Wanawake walipalilia ngano majira ya kuchipua, na Septemba walipata kipato cha pili kwa kuchuma hopsi. Miezi ya baridi, isiyo na kazi shambani, walikuwa wakisokota sufu kwa ajili ya kitambaa kilichotengenezwa mji wa jirani. Biashara ya kitambaa hicho ilipoanguka, akina mama walipoteza kipato cha msimu mbaya kuliko yote. White aliliona hilo na kuliandika, na kazi hiyo iliporudi kidogo baadaye alifurahi na kuongeza maelezo katika kitabu chake.

Daftari la bustani

Januari 1751, White alianza kuandika daftari alilolipa jina la kalenda ya bustani. Humo aliingiza alichopanda, tarehe, aina ya mbegu, hali ya hewa, na matokeo. Alilima maharage, njegere, kabichi, karoti, matango na mboga nyingine nyingi. Lakini zao lililompa shida na fahari kuliko yote lilikuwa tikiti tamu.

Matikiti ni zao la nchi za joto. Kuyaotesha Uingereza kulihitaji kitalu cha joto: rundo kubwa la samadi mbichi ya farasi lililopangwa vizuri, likafunikwa udongo na kuwekewa fremu ya kioo juu. Samadi inapochacha hutoa joto, na joto hilo huotesha mbegu wakati nje bado kuna barafu. White alihitaji mikokoteni mingi ya samadi kila mwaka, kiasi ambacho mifugo yake haikuweza kutoa, hivyo aliitafuta kwa majirani. Joto likizidi, miche iliungua, likipungua, ilidumaa. Aliandika kushindwa kwake sawasawa na kufaulu kwake, na mwaka uliofuata alisahihisha.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Mtumishi wake, Thomas Hoar, alikaa naye kwa takriban miaka 40. Ndiye aliyechimba, aliyemwagilia, na White aliposafiri ndiye aliyeangalia kipima mvua na kuandika kiasi kilichonyesha. Kumbukumbu zisingekamilika bila kibarua huyo.

Mwaka 1768 White alipata daftari bora zaidi, lililobuniwa na rafiki yake, mwanasheria Daines Barrington. Lilikuwa na safu zilizokwisha kuchorwa: joto, upepo, mvua, mimea iliyochanua, ndege na wadudu walioonekana. Alilijaza kwa miaka 25.

Faida ya kuandika ilionekana haraka. Mwaka 1780 Selborne ilipata inchi 27 za mvua. Mwaka 1782 ilipata zaidi ya inchi 50, karibu mara mbili. Mtu anayekumbuka mwaka mmoja tu angeweza kudhani huo ndio wa kawaida. Mwenye daftari alijua kwamba hakuna mwaka wa kawaida, na kwamba mkulima anapaswa kujiandaa kwa yote mawili.

Hesabu ya mwanga wa maskini

Mwaka 1775 White aliandika barua ambayo mchumi yeyote angejivunia. Ilihusu mwanga wa usiku katika nyumba za watu wa hali ya chini.

Wakati ule mshumaa wa dukani ulikuwa ghali kwa kibarua. Lakini kando ya vijito na mabwawa ziliota nyasi za majini zenye moyo laini kama sifongo. Wazee, wanawake na watoto walizikata majira ya joto, wakazimenya ganda na kuacha utepe mwembamba mmoja wa kushikilia moyo wake, wakazianika, kisha wakazichovya katika mafuta yaliyoenguliwa kwenye chungu cha nyama ya nguruwe. Unyasi mmoja mzuri, wenye urefu wa sentimita kama 72, White aliupima kwa saa: uliwaka dakika 57.

Kisha akafanya hesabu. Ratili moja ya nyasi kavu ina zaidi ya nyasi 1,600. Ikinunuliwa ni shilingi moja. Mafuta ya kuchovya, ratili sita, ni shilingi mbili. Jumla shilingi tatu. Kila unyasi ukiwaka nusu saa tu, mtu anapata saa 800 za mwanga. Kwa maneno mengine, robo peni humpa maskini mwanga wa saa tano na nusu. Wakati huohuo, mshumaa wa nusu peni, katika nyumba zenye upepo wa kupenya, haukuzidi sana saa mbili. Kwa fedha hiyohiyo, nyasi zingewaka saa 11.

Jambo lililomshangaza White ni kwamba waliokuwa maskini kuliko wote ndio waliozembea kutengeneza nyasi hizo na kununua mshumaa wa nusu peni kila jioni. Anayenunua kidogokidogo hulipa bei kubwa kuliko wote, na umaskini wenyewe humzuia kununua kwa jumla au kuandaa mapema. Kila mwenye duka dogo anayepima mafuta ya taa kwa kikombe, au sukari kwa kijiko, anaufahamu ukweli huo.

Nyungunyungu na ukungu

Katika karne ya 18, watunza bustani wa Uingereza waliwachukia nyungunyungu kwa sababu walichafua njia kwa vijilima vya udongo. Wakulima nao waliwachukia wakidhani wanakula miche ya nafaka. Mei 1777 White alimwandikia Barrington kuwatetea.

Alieleza kwamba nyungunyungu hutoboa ardhi na kuilegeza, hivyo maji ya mvua na mizizi hupenya. Huvuta majani makavu na vipande vya mabua chini ya udongo. Vijilima wanavyoacha juu ni mbolea laini. Kwenye miteremko, ambako mvua huchukua udongo wa juu, huenda wao ndio wanaoleta udongo mpya. Aliwaambia wenye kuwachukia kwamba ardhi isiyo na nyungunyungu ingekuwa baridi, ngumu na tasa. Waharibifu wa kweli wa miche, alisema, ni konokono wasio na gamba na wadudu wengine.

Alitamani mtu aandike kitabu kizima juu ya viumbe hao. Kitabu hicho kilipatikana zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 1881 Charles Darwin, ambaye alisoma maandishi ya White tangu ujana, alichapisha utafiti wake na kukadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita katika matumbo ya nyungunyungu kila mwaka. Kasisi wa Selborne alikuwa sahihi.

Mwaka 1776 aligusa suala la maji. Juu ya vilima vya chokaa, mahali pasipo chemchemi, kulikuwa na mabwawa madogo yasiyokauka. Moja, lenye upana wa mita tisa na kina kisichozidi mita moja, lilinywesha kondoo 300 au 400 na ng'ombe wasiopungua 20, na halikujulikana kukauka kamwe. Bwawa hilo lilifunikwa na miti miwili ya mibichi. White alichunguza na kuona kwamba ukungu unapopita, majani ya miti huukusanya na kudondosha maji mengi chini, wakati ardhi ya wazi pembeni bado ina vumbi. Alihitimisha kwamba miti huleta maji na kwamba anayefyeka kilele cha mlima hupunguza maji ya walio chini.

Aliona pia kwamba ng'ombe waliosimama bwawani wakati wa joto waliangusha kinyesi majini, wadudu wakazaliana humo, na samaki wakanenepa. Wafugaji wa samaki wa leo wanaoweka samadi katika mabwawa yao wanafanya jambo hilohilo kwa makusudi.

Mwaka wa hofu

Kiangazi cha mwaka 1783 kilikuwa cha kutisha. Kuanzia Juni 23 hadi Julai 20, ukungu mkavu wa ajabu ulifunika nchi. Jua la adhuhuri lilionekana hafifu kama mwezi uliofunikwa na wingu, na likichomoza au kuzama lilikuwa jekundu kama damu. Joto lilikuwa kali, nyama iliyochinjwa leo haikulika kesho, na inzi waliwasumbua farasi mpaka wakawa kama wenye wazimu. Watu wa kijijini waliogopa kwamba ni ishara ya maafa.

White hakuwacheka. Alikiri kwamba hata mtu aliyeelimika angeweza kuingiwa na wasiwasi. Lakini aliandika kila alichokiona, akataja kwamba wakati huohuo volkano zilikuwa zikilipuka na ardhi kutetemeka sehemu nyingine za Ulaya. Leo inajulikana kwamba ukungu ule ulitoka katika mlipuko wa Laki huko Iceland, ulioanza Juni 8, 1783, na watafiti wameuhusisha na ongezeko la vifo Uingereza mwaka huo.

Desemba 1784 ilileta baridi kali. Kipimajoto cha Selborne kilishuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. White alisikia kwamba kijiji cha Newton, kilicho juu kilimani, kilikuwa na baridi ndogo zaidi. Badala ya kubishana, alipeleka kipimajoto chake huko kikalinganishwe. Usiku mmoja tofauti ilifika nyuzi 10 za Selsiasi. Vichaka vya kijani vya bustani yake viliungua vyote kwa baridi, wakati vya aina hiyohiyo Newton havikupoteza jani.

Alikuwa ameonyesha kwa vipimo kwamba usiku usio na upepo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Wakulima wa chai na viazi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambao miche yao huungua kwa baridi bondeni huku ya mteremkoni ikipona, wanaijua hasara hiyo.

Rafiki na adui wa shamba

White aliamini kwamba mkulima anapoteza mali nyingi kwa kutojua wadudu wake. Alipendekeza iandikwe historia kamili ya wadudu waharibifu wa shamba, bustani na nyumba, pamoja na njia za kuwaangamiza. Yeye mwenyewe aliandika juu ya wadudu wanaoruka kama viroboto waliokula miche ya turnipu. Agosti 1, 1785 alishuhudia wingu la vidukari likishuka Selborne na kufunika mimea na nguo za watu, na akakisia kwamba walipeperushwa na upepo kutoka mashamba ya hopsi ya Kent na Sussex.

Kwa upande mwingine, alimtetea bundi. Jozi ya bundi weupe ilizaa chini ya paa la kanisa. White alikaa na saa mkononi akaona kwamba mmoja au mwingine alirudi na windo, mara nyingi panya, takriban kila dakika tano. Mwenye ghala anayemuua bundi kwa kudhani ni mkosi anamwondoa mlinzi wake mwenyewe.

Alikuwa pia wa kwanza nchini mwake kueleza vizuri panya mdogo sana anayejenga kiota cha duara kwenye mabua ya ngano. Wawili kwenye mizani walilingana na sarafu moja ya shaba ya nusu peni.

Kosa alilokufa nalo

Pamoja na umakini huo wote, kulikuwa na swali lililomshinda: mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Ndugu yake aliyekuwa Gibraltar aliwaona wakivuka bahari kuelekea Afrika, na White alikubali kwamba wengi husafiri. Lakini alishuku kwamba baadhi hubaki na kulala usingizi mzito mashimoni. Mwaka 1781 aliajiri watu wachunguze vichaka na mashimo ya mlimani. Hawakupata hata mmoja, na bado hakuiacha dhana yake.

Jibu lilikuja mwaka 1912. Mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alikamatwa shambani huko Natal, Afrika Kusini. Ndege walewale waliozaa chini ya mapaa ya mashamba ya Ulaya huvuka Sahara, na wakulima wa Afrika Mashariki huwaona wakiwinda wadudu juu ya mashamba yao kuanzia Septemba hivi hadi Aprili.

Kitabu na lawama

Barua za White kwa Barrington na kwa mtaalamu wa wanyama Thomas Pennant zilikusanywa kuwa kitabu juu ya viumbe na historia ya Selborne. Ndugu yake Benjamin alikichapisha mwishoni mwa mwaka 1788, kikiwa na tarehe ya 1789. Mwandishi alikuwa na miaka 68. Kitabu kimeendelea kuchapishwa toleo baada ya toleo hadi leo.

Hata hivyo, White hakuwa mtakatifu. Kwa miaka zaidi ya 30 alishikilia parokia ya Moreton Pinkney, mkoa wa Northamptonshire, aliyopewa na chuo chake. Hakuishi huko. Alimlipa kasisi msaidizi afanye kazi, naye akachukua sehemu iliyobaki ya mapato. Sheria na desturi ya wakati huo ziliruhusu, lakini mapato ya parokia ya Moreton Pinkney yalimwendea mtu ambaye wakulima wake walimwona kwa nadra. Yeye aliyenung'unika kukosa parokia ya nyumbani alikuwa akiwanyima wengine kasisi wa kukaa nao.

Pia, ingawa aliwahesabu maskini na kujua bei ya mwanga wao, hakuuliza sana kwa nini ujira wao ulikuwa mdogo. Aliona mabadiliko mazuri: mwaka 1778 aliandika kwamba viazi, ambavyo maskini wasingethubutu kuonja chini ya mfalme aliyetangulia, vilikuwa vimeenea katika muda wa miaka 20 kwa msaada wa zawadi zilizotolewa kwa waliolima. Aliamini pia kwamba mboga na nyama mbichi zilisaidia kupunguza magonjwa ya ngozi. Lakini shida ilikuwa inajengeka. Mwaka aliokufa, Uingereza iliingia vitani na Ufaransa, na miaka miwili baadaye bei ya ngano ilipanda vibaya. Novemba 1830, vibarua wa Selborne walivamia nyumba ya kutunzia maskini, wakaibomoa, na kumlazimisha kasisi mkuu wa wakati huo akubali kupunguza zaka. Baadhi yao walihukumiwa na kusafirishwa hadi Australia. Kijiji kilichoonekana kitulivu kilikuwa na njaa ndani yake.

Mwisho wa safari

White aliandika kumbukumbu zake za mwisho katikati ya Juni 1793. Alikufa nyumbani The Wakes Juni 26 mwaka huo, akiwa na miaka 72. Alizikwa nje ya kanisa la kijiji, chini ya jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe. Kobe wake maarufu, Timothy, aliyemrithi kwa shangazi yake mwaka 1780 na kumwangalia miaka 13, alimfuata mwaka 1794. Ilikuja kugundulika kwamba Timothy alikuwa jike. Gamba lake limehifadhiwa katika makumbusho jijini London, na nyumba ya The Wakes ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1955.

Mkulima mdogo hawezi kuiga kila alichofanya White. Hana posho ya chuo wala mtumishi wa miaka 40. Lakini kopo lililonyooka la kupimia mvua halihitaji posho, na daftari la kurasa 100 linauzwa katika kila duka la kijijini. Akiandika humo tarehe ya kupanda, kiasi cha mvua, aina ya mbegu, gharama ya kila kitu na mavuno aliyopata, baada ya misimu mitatu atakuwa na maarifa ya shamba lake ambayo hakuna bwana shamba anayeweza kumletea kutoka mjini. Siku akienda kuomba mkopo, atakuwa pia na hesabu ya kuweka mezani.